Saa 24 za Mgonjwa wa Kiharusi

Jirani yangu mmoja katika miteremko ya Mlima Meru, mwenye shamba la migomba na kahawa, alilala mzima saa 3 za usiku. Alfajiri mkewe alimkuta mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayatoki. Ndugu wa ukoo wakakusanyika. Huyu alishauri mafuta ya kuchua, yule alishauri asubiriwe kwanza mwanawe aliyeko mjini, na mchana ukapita. Ilikuwa saa 12 za jioni alipofikishwa katika kituo kimoja cha tiba, ambacho sioni haja ya kukitaja. Mtumishi aliyempokea akasema kuwa saa za mtu wa kiharusi zimekwisha tangu asubuhi, mgonjwa alazwe na jamaa zake wawe na subira. Hakupigwa picha ya kichwa. Mzee yu hai hata leo, ila hasemi, na mkewe ndiye anayemgeuza kitandani.

Mtumishi yule hakusema uongo. Alisema yale aliyofundishwa. Lakini mafundisho hayo yamepitwa na wakati tangu mwaka 2018, na hiyo ndiyo sababu ya maneno haya, ninayoyaandika nikiwa Arusha kwa ajili ya ndugu zangu wa visiwani na kwa viongozi wa Serikali zetu mbili wanaopanga mafungu ya afya.

Kiharusi kilicho kikali mara nyingi hutokana na donge la damu linaloziba mshipa mkubwa wa ubongo. Anayeijua mifereji ya Wameru, ile inayoshusha maji ya mlimani hadi mashambani, ataelewa upesi. Mfereji ukizibwa, migomba iliyo mbali hunyauka kwanza, lakini ipo mingine inayoendelea kuishi kwa unyevunyevu unaopenya kutoka kwa jirani. Ubongo nao una mishipa midogo ya pembeni. Kwa watu wengine mishipa hiyo hulisha sehemu iliyozibiwa kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani. Sehemu hiyo imelala, haijafa.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu. Njia ya pili ni kulitoa donge lenyewe: daktari bingwa hupitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa kinena hadi ubongoni, akalinasa donge kwa wavu mdogo wa waya au akalifyonza, akalivuta nje. Mwaka 2015 njia hii ilithibitishwa kwa wagonjwa wanaowahi, na kikomo kikawekwa karibu na saa 6. Mwaka 2018 zikatangazwa tafiti mbili kuhusu wale waliochelewa. Ule ulioitwa DAWN uliwachukua wagonjwa wa kati ya saa 6 na saa 24, wengi wao wakiwa ni watu walioamka na ugonjwa kama jirani yangu. Baada ya siku 90, kati ya kila 100 waliotolewa donge, 49 waliweza kujitegemea. Kati ya kila 100 waliopewa matunzo ya kawaida, ni 13 tu. Utafiti wa pili, DEFUSE 3, ulioishia saa 16, ulipata 45 kwa 17. Zote mbili zilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikwisha kuonekana.

Wasomaji wasinielewe vibaya. Wagonjwa hao walichaguliwa kwa picha zilizoonyesha kwamba sehemu kubwa ya ubongo bado inaweza kuokolewa. Mwenye mshipa uliopasuka hana donge la kutolewa, na tofauti hiyo haitambuliwi kwa kumtazama mtu usoni. Na kwa yeyote yule, kila nusu saa inayopotea inakula ubongo.

Hata hivyo, kikomo cha saa 24 kina maana kwetu kuliko kwa wakazi wa London. Kwa kikomo cha saa 6, mtu wa Mkoani au wa Micheweni alikuwa nje ya hesabu kabla hajatafutiwa usafiri, na mtu wa Meru vivyo hivyo, kwa kuwa kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 600. Kwa saa 24, bahari na barabara vinaweza kuvukwa, ila saa hizo zisiliwe nyumbani na kwenye makaratasi.

Kuhusu nyumbani, nina neno kwa watu wetu wa pwani. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika Wilaya ya Hai, jirani kabisa na hapa Meru, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Hai waliona karibu 95 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam 108, na ukisawazisha umri pengo lilikuwa kubwa zaidi, takriban 109 kwa 316. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2008 uliwauliza wananchi wa sehemu hizo hizo chanzo cha ugonjwa. Wanavijiji wa Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, mafuta na mawazo. Wengi wa mjini Dar es Salaam walitaja mashetani na uchawi. Mimi niliyepitia chuoni kabla ya skuli sishangai, maana nimekua nikiyasikia hayo. Kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari likienda hospitali. Hakuna mwalimu wangu aliyepata kukataza.

Kuhusu makaratasi, neno ni la Serikali. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 ulinunua mashine za CT scan kwa hospitali za rufaa za mikoa Bara. Hiyo ni hatua kubwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inazibua mishipa ya moyo kwa mrija, na Muhimbili wanasomesha mabingwa wa tiba zinazoongozwa na picha. Mikono ipo na inaongezeka. Lakini uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa katika nchi ya katikati duniani, hawafiki 3 katika kila wagonjwa 100 wanaostahili kutolewa donge wanaopata huduma hiyo. Sisi hatuna budi kuamua kama tutakaa chini ya hapo.

Linalotakiwa kwanza ni njia inayojulikana. Hospitali ya Mount Meru, ya Mnazi Mmoja na ya Abdalla Mzee ziwe na agizo moja la maandishi: kila mwenye dalili aulizwe saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, apigwe picha ya ubongo na ya mishipa usiku au mchana, na picha hiyo itumwe kwa bingwa mmoja wa zamu mwenye mamlaka ya kusema aje au abaki. Kisha Wizara zetu mbili zielewane nani anailipia ndege, kabla mgonjwa hajaugua, si jamaa zake waanze kuchangishana uwanjani. Bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, ieleze wazi kama tiba hii imo.

Jirani yangu alipokelewa saa 21 baada ya kuonekana mzima. Pengine picha ingeonyesha kuwa hakuna la kuokoa. Mkewe ameniuliza mara mbili, nami sikuwa na jibu la kumpa.