Tobo, Kanzu na Turufu: Neno Langu Kuhusu Magemu ya Watoto



Mjadala wa magemu ya watoto umerudi katika ukoo wetu, na safari hii umerudi kwa kishindo. Ami yetu wa Maskati ametutumia ujumbe wa sauti wa dakika 11, akitaka wazazi wote, wa Oman, wa Uingereza, wa Kanada na sisi wa Marekani, tukubaliane kwa kauli moja kuzifungia mashine hizo kabatini. Hoja zake ni nzito, na Kiswahili chake, kama ilivyo ada yake, ni cha kutamanisha. Pamoja na heshima yote anayostahiki, naomba ruhusa nimpinge, na nimpinge kwa maandishi, maana kwa mdomo simwezi.

Simpingi kwa sababu nayapenda magemu. Humo mna mambo ambayo hata nikijaaliwa umri wa Nabii Nuhu sitayafahamu. Mjukuu wangu, mwenye miaka 13, alitoa pesa zake za sikukuu akamnunulia koti mtu wa ndani ya kioo. Nikamuuliza koti hilo lina faida gani kwa mtu asiyesikia baridi. "La kupendeza tu, Babu," akanijibu. Nimefanya kazi ya ukarani miaka 32, zimepita mikononi mwangu stakabadhi za kila aina, lakini ya koti lisilovalika sijapata kuiona. Vilevile nakubaliana na Ami kuhusu usingizi: mtoto anayekesha na mashine usiku wa shule anyang'anywe mashine, na hilo halihitaji kikao cha ukoo mzima.

Ninapotengana naye ni pale anaposema kwamba vitu hivi "si vyetu", na kwamba sisi tulikua na michezo yetu wenyewe. Michezo ipi hiyo? Tuanze na karata, ambazo Ami mwenyewe alikuwa bingwa wake. Karata zina shupaza, kopa, uru na pau. Maneno yote manne asili yake ni Kireno. Turufu ni Kireno pia, na jina karata lenyewe halikutoka kwingine. Ghulamu ametoka kwenye Kiarabu. Mchezo uliopendwa mno katika baraza za Unguja ni wahedi wa sitini, nalo ni jina la hesabu ya Kiarabu, kwa kuwa pointi zote ni 120 na mwenye kufikisha 61 ndiye mshindi. Babu zetu wa Oman waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, baada ya kuwazingira kwa karibu miaka mitatu. Wareno wakenda zao, karata wakatuachia, na sijamsikia mzee yeyote aliyezikataa kwa hoja kwamba zimetoka kwa adui.

Sinema nayo ni hivyo hivyo. Katika Majestic ya Vuga, Empire na Cine Afrique watu walijazana kutazama filamu za Kihindi, wengi wao wasiojua hata neno moja la Kihindi, wakatoka nje wanaziimba nyimbo zake. Waimbaji wa taarab wakazichukua tuni zile wakazitilia maneno ya Kiswahili, na leo wapo wanaoapa kuwa ni nyimbo za Unguja tangu asili na asili. Televisheni ya rangi ilitufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara ikisubiri hadi miaka ya 1990. Tulijazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, na kelele zetu za kuieleza picha zilizidi za picha yenyewe. Siku hizi huko Kenya DJ Afro amejipatia jina kubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na kabla yake, Tanzania, alikuwepo Lufufu. Watu walikuwa wakinunua sauti yake kuliko filamu.

Na dada yangu wa Maskati je? Mwaka 2008 alitekwa na Noor, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti kwa Kiarabu cha Sham na kuoneshwa na MBC. Akinipigia simu kunisimulia kila kilichotokea, kwa Kiswahili, na maapizo aliyowapigia wabaya wa hadithi yale yalikuwa ya Malindi khasa. Mimi sijaitazama hata sehemu moja, lakini naijua yote, na kwangu mimi ni hadithi ya Kiswahili.

Kwa hiyo, jamaa zangu, kitu huwa chetu kwa midomo yetu. Barazani mchezo ulikuwa kisingizio tu. Mtu akikatwa kwa turufu alisimangwa mpaka keshoye, naye alipaswa kujibu, tena kujibu kwa neno zuri zaidi, au asirudi. Chuoni tulifunzwa Kiarabu kwa bakora, na skuli tukafunzwa Kiswahili sanifu kwa chaki. Lakini kejeli, mafumbo, kujigamba bila kuchukiza, kuomba radhi bila kuonekana umeomba, hayo tuliyasomea barazani, kwenye karata, dhumna na keram.

Sasa tutazame Kiswahili tunachowapa watoto wetu. Siku moja niliamua kuandika, kama karani, kila neno la Kiswahili alilosemeshwa mjukuu wangu tangu asubuhi hadi usiku. Haya ndiyo niliyoyapata: amka, oga, kula, haraka, nyamaza, usiguse, msalimie bibi yako, zima, lala. Yote ni amri. Ya furaha yote aliambiwa, na akayasema, kwa Kiingereza. Mtoto huyu anaijua lugha yetu kama askari anavyoijua sauti ya afande. Atakapokuwa mtu mzima, asiwe na wa kumwamrisha, ataihitajia ya nini? Na ujumbe ule wa Ami watoto waliusikia pia. Ulikuwa Kiswahili kitamu kupindukia, na ndani yake wao hawakuchota ila neno moja: acheni.

Najua wengine watasema, basi watoeni nje wakacheze. Nje wapi? Njooni Bowie mjionee. Mitaa mingi ya hapa ilijengwa na kampuni ya Levitt kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960: nyumba baada ya nyumba, majani mbele, gereji ubavuni, na majina ya njia za kila sehemu yakianza kwa herufi moja. (Zama zile nyumba hizi hazikuuzwa kwa watu weusi, na mwaka 1963 watu waliandamana kwa sababu hiyo. Leo majirani zangu wengi ni watu weusi, wengine Waafrika kama sisi, na wote ni watu wema tunaopungiana mikono kutoka garini.) Kupungiana mikono kutoka garini ndiyo baraza yenyewe. Hapana ukuta wa kukalia, hapana muuza kahawa anayegonganisha vikombe. Upo uwanja wa besiboli, Prince George's Stadium, nami nimekwenda mara nyingi na wanangu. Sina ugomvi na besiboli ila huu mmoja: mtu anaweza kuinuka, akanunua soda, akakutana na rafiki, wakaulizana hali za wazazi na mashemeji, akarudi kitini, na asiwe amekosa kitu.

Baraza ya mtoto wa Bowie ni vile vipokea sauti anavyovaa masikioni. Jumamosi saa 4 asubuhi ya kwetu, majira ya kiangazi, ni saa 12 jioni Maskati. Wakati huo mjukuu wangu hukutana na mjukuu wa dada yangu wakacheza mpira wa kwenye kioo. Ana kwa ana wameonana mara mbili tu maishani. Bila ya mashine hiyo kila mmoja angekuwa jina la mwenziwe katika ule mti wa ukoo niliouchora, na mnajua wenyewe ni vijana wangapi wanaoutazama mti ule. Sasa wanajuana. Huyu anajua kwamba mwenziwe ana hasira za karibu, na yule anajua kwamba huyu akishindwa husingizia intaneti. Huo ni udugu. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, kwa sababu hakuna aliyewaonesha kwamba mambo wanayoyasema yana Kiswahili chake.

Basi nikaenda nikakaa naye. Sikumwambia azime. Nikaanza kuitangaza mechi yake kwa sauti ya watangazaji wa Radio Tanzania tuliowasikiliza tukiwa wadogo, akina Ahmed Jongo: anamtoka beki wa kwanza, anampiga chenga wa pili, huyu wa tatu anampiga kanzu! Akausimamisha mchezo. "Kanzu, Babu? Kama ile yako ya Ijumaa?" Nikamweleza kwamba mtu akipitishiwa mpira juu ya kichwa amepigwa kanzu, na ukipita katikati ya miguu yake amepigwa tobo. Anayewatangulia mabeki kabla ya pasi, huyo ameotea. Ile ya tobo aliicheka mpaka pedi ikamponyoka mkononi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni, nikamsikia akimpigia kelele binamu yake: "Tobo! Nimekupiga tobo!" Na yule wa Maskati, aliyelelewa na bibi mwenye Kiswahili kilichokamilika, akamjibu kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Dada yangu anaapa kwamba si yeye aliyemfundisha. Jamaa zangu, hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiswahili niliyomsikia mjukuu wangu akiitamka bila ya kuulizwa na mtu. Nafsi ilikuwapo, wakati ulikuwapo, na aliyetendwa alikuwapo, tena yuko Maskati na amekasirika.

Binti yangu, mama yake, ananiambia kwamba nimebahatika kwa kuwa ni mpira, na kwamba magemu mengine ni ya bunduki kutwa. Hapo anasema kweli. Kwenye bunduki sina la kutangaza wala sitaki kuwa nalo. Shemeji yangu naye amenikumbusha kwamba tobo na kanzu hazitamfikisha mtoto kwenye barua za babu, zile za Kiswahili cha herufi za Kiarabu nilizozihifadhi sandukuni. Nayo ni kweli. Lakini mimi mwenyewe sikuanzia kwenye barua. Nilianza kwa kusimangwa barazani, na hamu ya kujua babu aliandika nini ilinijia miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari nina lugha ya kuwa na hamu nayo.

Nina neno pia kuhusu bao, na huenda likawaudhi baadhi yenu. Katika nyumba tatu za jamaa zetu, ambazo sitazitaja, nimeliona bao limetundikwa ukutani kama picha, mashimo yakiwatazama wageni na vumbi limo ndani. Mchezo huu wa mashimo 32 na kete 64 Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutungia shairi katika karne ya 19, na Mholanzi Alex de Voogt alipata udaktari wake Leiden mwaka 1995 kwa kuwachunguza mabingwa wake. Sisi wenyewe tumeugeuza pambo. Literemsheni. Kete za komwe zikiwa zimepotea, tieni maharage. Wala msidhani mtoto wa magemu atachoshwa nalo. Kuanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kujua lini unamue na lini utakate, kuilinda nyumba mpaka wakati wake, hesabu za namna hiyo amezizoea kwenye kioo. Sisemi kwamba mjukuu wangu amenishinda. Nasema tu kwamba sasa, nikicheza naye, televisheni huizima.

Ninachopendekeza ni hiki. Watoto waachiwe Jumamosi yao, na sisi watu wazima tujiunge nao, mmoja mmoja katika kila nyumba, si kwa kuwasimamia. Saa hiyo amri zote ziwekwe kando, hata ya kukaa vizuri. Anayefungwa asimangwe kwa Kiswahili, na akijibu kwa Kiswahili asikaripiwe kwa ukali wa jibu lake, mradi hakuvuka mpaka. Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa hawakueleza kwao ni wapi mtu akiwa Bowie na mwenziwe yuko Maskati, kwa hiyo hapo tuna nafasi. Na mwenye kuyakumbuka maneno ya utani ya karata na dhumna, yale ya kumwambia mtu aliyebana turufu mpaka akafa nayo mkononi, aniandikie. Ninayakusanya katika daftari, nayo kabla hayajaingia daftarini hupita kwanza kwa mjukuu wangu.

Ami amekwishajibu nilipomsomea rasimu hii kwa simu. Hakukubaliana nami hata kwa hoja moja, ila anasema atahudhuria. Masharti yake ni mawili: asishikishwe pedi, na saa ibadilishwe, maana saa 12 jioni inamgonganisha na magharibi. Kwa hiyo tumesogeza mbele. Itakuwa saa 6 mchana Bowie, saa 1 usiku Unguja, saa 2 usiku Maskati.