Panda mchaichai, ila uangalie udongo

Nyumba nyingi za kupanga huku Magongo hazina bustani. Kuna baraza, kamba ya kuanikia nguo na labda ndoo iliyopasuka. Aghalabu mpangaji husema hana mahali pa kupanda hata jani la chai. Mimi nasema ndoo hiyo yatosha.

Mchaichai, mnanaa na mrehani havihitaji shamba. Shina moja la mchaichai lenye mizizi hutanuka likawa kichaka, nawe utakata majani mwaka baada ya mwaka. Kijiti cha mnanaa hutoa mizizi katika gilasi ya maji. Mrehani ukikatwa vichwa kabla ya kutoa mbegu huzidi kuchipuka. Maji ya kuoshea mchele yanatosha kumwagilia.

Faida yake ni afya. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Samaki aliyepakwa mnanaa, ndimu na kitunguu saumu hadai chumvi nyingi. Hata hivyo, mwenye presha asiache vidonge vyake kwa sababu ya mchaichai. Jani hili ni kiungo, si daktari.

Lakini msomaji, usichote udongo popote. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mikindani, walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Risasi haiozi udongoni, wala haiondoki kwa kuchemsha mboga. Huharibu ubongo wa mtoto hata kabla ya mzazi kuona dalili.

Kwa hivyo usipande kando ya gereji, jaa la taka au mtaro wa barabara kuu. Usitumie mkebe wa rangi wala kasha la betri. Chukua ndoo ya mafuta ya kupikia, itoboe chini, uijaze udongo wa mahali unapopajua pamoja na samadi iliyooza. Osha majani kabla ya kuyatia chunguni.

Wenye nyumba nao wasiwafokee wapangaji kwa ajili ya ndoo mbili barazani. Ndoo hizo hazibomoi ukuta, na mpangaji akihama huondoka nazo.