Zahanati imejengwa, nani ataulizia mhudumu?

Ukisoma Hansard za Bunge la Tanzania za miaka ya karibuni, utakuta afya karibu kila asubuhi ya kikao. Mbunge anauliza ni lini Serikali itamalizia jengo la wazazi katika kata fulani, au ni lini kituo cha afya kitapata gari la wagonjwa. Naibu Waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa huduma hiyo na itatekeleza kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge anauliza maswali mawili ya nyongeza, kiti kinawaruhusu wengine wachache, kila mmoja akileta la jimboni kwake, kisha wanahamia kwenye barabara au maji.

Utaratibu huu una watetezi, na hoja yao ina uzito. Sera ya Afya ya 2007, pamoja na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza mwaka huohuo, iliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi waliitikia. Walichanga, wakafyatua matofali, wakapandisha kuta hadi usawa wa lenta, wakakaa kuisubiri Serikali ipaue. Maboma mengi yalikaa hivyo miaka, nyasi zikiota ndani. Wabunge wasingeyataja moja moja, kwa jina la kijiji, sidhani kama TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ingekuwa na haraka ya kutenga shilingi milioni 50 za kumalizia kila boma la zahanati. Mbunge anayeuliza habari za boma anafanya kazi aliyotumwa. Mtu anayeishi Dar es Salaam, mwenye hospitali tatu karibu na nyumbani, hana haki ya kumwona mbunge huyo kuwa mwenye fikra finyu.

Tatizo ni kwamba swali la jengo ndilo jepesi kuliko yote kwa Serikali kulijibu. Jengo linaonekana, linazinduliwa, linahesabiwa kwenye hotuba ya bajeti. Muuguzi anadai mshahara kila mwezi, dawa huisha na kuagizwa tena, na hakuna anayekatiwa utepe kwa hayo. Kwa takwimu za Serikali yenyewe, watumishi wa afya waliopo hawafiki nusu ya wanaohitajika. Halmashauri inapofungua zahanati mpya bila kupata ajira mpya, inalazimika kumhamisha muuguzi kutoka kijiji cha pili. Hansard itaonyesha ahadi imetimizwa. Mama wa kile kijiji cha pili atafika saa nane mchana na kukuta mlango umefungwa, na kwa kuwa zahanati yake ilikwisha kujengwa, hakuna tena wa kumuulizia.

Mgawanyo wa madaraka unazidisha ugumu. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri ziko chini ya TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa Wizara ya Afya baada ya uamuzi wa mwishoni mwa 2017. Vibali vya ajira vinatoka Utumishi, fedha zinatoka Hazina, dawa zinatoka Bohari ya Dawa, ambayo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ameandika mara kadhaa kwamba inaidai Serikali. Mbunge akiuliza kwa nini zahanati haina dawa, anayesimama kujibu ni mmoja tu kati ya wote hao, naye atasema kweli kuhusu upande wake. Kila ofisi inaweza kutoa jibu sahihi na zahanati ikabaki bila dawa. Ibara ya 63 ya Katiba inampa mbunge haki ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Yale yanayoangukia katikati ya wajibu wa mawaziri wanne hayana mwenyewe pale asubuhi.

Mfano mzuri ni msamaha wa matibabu. Sera inasema wajawazito na watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Kila mkutano wa bajeti wabunge wanalalamika kwamba akina mama wanaambiwa waje na glovu na vifaa vingine vya kujifungulia, na kila mara mawaziri wanajibu kwa kukemea: mtumishi atakayemtoza mjamzito atachukuliwa hatua. Ukumbi unapiga makofi. Swali linalobaki bila kuulizwa ni nani anakilipa kituo gharama ya huo msamaha. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kituo kinajazia kwa makusanyo ya bima na ya wanaolipa taslimu. Kituo chenye wazazi wengi na wanachama wachache wa bima kinatoa huduma nyingi kwa fedha kidogo. Kumtisha muuguzi wa kituo hicho hakuwezi kumnunulia glovu. Mbunge angeomba hesabu ya gharama za msamaha kwa kila halmashauri na chanzo cha kuzifidia, jibu la makaripio lisingetosha tena.

Bunge hilihili limewahi kuonyesha kwamba linaweza. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliosomwa mara ya kwanza Septemba 2022 haukupita Novemba mwaka huo wala Februari 2023. Kwenye kamati swali lililogoma kuondoka lilikuwa fedha za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi. Ulipopitishwa tarehe 2 Novemba 2023, vyanzo vilikuwa vimetajwa ndani ya sheria, ikiwemo ushuru wa vinywaji na vipodozi na kodi ya michezo ya kubahatisha. Hata kama vyanzo hivyo havitoshi, sasa vinaweza kudaiwa kwa kifungu. Linganisha na Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mzazi kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukieleza kwamba waliokuwa wakijiunga wengi ni watoto tayari wagonjwa na michango haitoshi. Hoja hiyo inajadilika, lakini wabunge walipaza sauti baada ya wazazi kuanza kulia, wakati uamuzi ulikwisha kufanyika.

Na kuna kipindi ambacho siwezi kukiruka. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za korona zilikoma kutangazwa zikiwa zimefika wagonjwa 509. Kufikia hapo, ndani ya wiki mbili, Bunge lilikuwa limewapoteza wabunge watatu: Gertrude Rwakatare, Richard Ndassa na Augustine Mahiga. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, aliwataka wabunge wa chama chake wajitenge kwa siku 14. Spika Ndugai aliwaamuru warudi Dodoma au warejeshe posho. Mjadala wa kitaifa ukawa posho, wakati ambapo kila familia ilistahili kujua wagonjwa wako wangapi na oksijeni iko wapi. Chombo chenye mamlaka ya kikatiba ya kuisimamia Serikali kilipaswa kudai takwimu hizo hadharani, bila kujali zilimuudhi nani.

Kinachohitajika ni wabunge kutolisahau swali walilouliza jana. Bunge la India limekuwa na kamati ya ahadi za Serikali tangu 1953. Uganda wanayo ya aina hiyo, na Bunge la Taifa la Kenya lina Kamati ya Utekelezaji. Kazi ya kamati kama hizi ni ya kuchosha na haina kamera: kuokota kila ahadi iliyotamkwa na waziri, kuipa tarehe, na kumwita aeleze tarehe ikipita. Dodoma inaihitaji kamati kama hiyo. Hata kabla haijaundwa, Kamati ya Afya na Masuala ya UKIMWI inaweza kuwaketisha TAMISEMI, Wizara ya Afya, Utumishi, Hazina na Bohari ya Dawa kwenye meza moja, siku moja, asiwepo wa kusema hilo ni la mwenzangu. Katika Bunge ambalo karibu wote ni wa chama kimoja, mzigo huu unawaangukia wabunge wa CCM wenyewe, na wapo wenye ujasiri wa kuubeba.

Wanaweza kuanza na zahanati zilizomaliziwa kwa zile milioni 50: ngapi leo zina watumishi wawili au zaidi, ngapi zinapokea wazazi usiku, na mwaka uliopita kila moja ilikaa siku ngapi bila oksitosini na amoksilini? Jibu liletwe kwa maandishi, halmashauri kwa halmashauri, kabla ya bajeti ya afya kupigiwa kura.