Mpigapicha wa habari atapimwa Iyula, si darasani

TANGU Bunge lipitishe Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016, mjadala kuhusu elimu ya waandishi wa habari nchini umekuwa ukizunguka neno moja: stashahada. Sheria hiyo, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliweka sharti la ithibati kwa kila anayetaka kufanya kazi ya uandishi, na kanuni zake za mwaka 2017 zikaitaja stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Mwaka 2024 Bodi ya Ithibati ilipata mwenyekiti wake, mtangazaji mkongwe Tido Mhando.

Katika mjadala huo, mpigapicha wa habari ametajwa kwa nadra. Swali lililoulizwa ni kama ana cheti. Swali la nini hasa alichofundishwa kabla ya kupewa cheti hicho halijapata nafasi inayostahili, na ndilo lenye uzito zaidi kwa msomaji anayefungua gazeti kila asubuhi.

Vyuo vya uandishi wa habari nchini vina historia ndefu. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania (TSJ) kilianzishwa mwaka 1975, na mwaka 2003 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanza, Nyegezi ilikuwa ikifundisha fani hiyo kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Vyuo binafsi vimeongezeka baadaye. Hata hivyo, katika vyuo vingi upigaji picha za habari huwa ni somo moja miongoni mwa mengi, linalofundishwa kwa muhula mmoja au miwili, mara nyingi kwa kamera chache zinazogombewa na darasa zima.

Matokeo yake yanaonekana vizuri zaidi mbali na miji. Chukua mfano wa Iyula, kata iliyomo katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakawa Vwawa. Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazozalisha kahawa kwa wingi katika Nyanda za Juu Kusini, na maisha ya wakulima wa Iyula yamefungamana na zao hilo.

Lakini Songwe inayofika katika kurasa za magazeti kwa kawaida ina sura tatu. Ya kwanza ni foleni ya malori katika mpaka wa Tunduma na Nakonde. Ya pili ni Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani zipatazo 16 lililopo kijiji cha Ndolezi. Ya tatu ni kiongozi aliye ziarani, akikata utepe au akikabidhi hundi, huku maelezo ya picha yakitaja vyeo vya waliosimama kulia na kushoto kwake. Mkulima yupo pia, nyuma kabisa, akipiga makofi. Jina lake halimo.

Bei ya kahawa inapoanguka au mbolea inapochelewa, mhariri wa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kutoka huko, hulazimika kutumia picha ya maktaba. Mti wa kahawa wa Kilimanjaro huweza kuchapishwa kana kwamba ni wa Mbozi, na msomaji asijue. Ni kweli kwamba fedha za safari ni haba. Lakini umaskini wa vyumba vya habari haujibu kila kitu, kwa kuwa hata mpigapicha anapofika mashambani, mara nyingi hurudi na picha ileile ya mkutano wa hadhara.

Hapo ndipo lawama inapogeukia darasa. Mwanafunzi hufundishwa, na inafaa afundishwe, namna ya kulinganisha mambo matatu: upana wa tundu linalopitisha mwanga kwenye lenzi, muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, na wepesi wa kamera kuuhisi mwanga huo. Mambo hayo hujifunzwa kwa wiki chache. Lisilojifunzwa kwa wiki chache ni kuiona habari pale ambapo hakuna kipaza sauti wala meza kuu.

Msimu wa kahawa ni habari yenye hatua zake. Kuna mikono inayochuma kahawa mbivu na kuiacha mbichi. Kuna kumenya, kuosha, kuanika juu ya vichanja, kuchambua, kisha mizani ya chama cha msingi cha ushirika, ambako jasho la mwaka mzima hugeuzwa kuwa tarakimu. Mpigapicha aliyefundwa vema atajua kuwa picha kubwa ya habari hiyo huenda ni uso wa mkulima anaposomewa uzito wa gunia lake, na kwamba ili kuipata hana budi kukaa kijijini siku mbili au tatu, hadi watu waizoee kamera na kuisahau.

Kukaa huko huleta mitihani ya maadili ambayo hakuna kitabu kinachoimaliza. Mkulima mwenye shida ya ada anaweza kuuza kahawa ikingali shambani, nje ya utaratibu wa ushirika. Picha yake akipokea fedha ni habari kubwa. Ni picha inayoweza pia kumletea matatizo ambayo mpigapicha, akiwa amekwisha kurudi mjini, hatayashiriki. Je, aliombwa ridhaa? Alielewa kuwa sura yake itaonekana kwenye simu za jirani zake jioni ileile?

Na mtoto aliyekutwa akichuma kahawa saa za masomo apigwe picha kwa namna gani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda utambulisho wa mtoto mwenye shauri mahakamani, lakini shambani hakuna hakimu. Kuna mpigapicha na dhamiri yake, na chuo kilichoinoa au kilichoiacha butu.

Wapo wanaopinga hoja ya vyuo kwa kutoa mfano wa Mohamed Amin. Mpigapicha huyo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alijifunza kwa vitendo tangu akiwa mwanafunzi wa shule, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini humo. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, akiwa na Michael Buerk wa BBC, ziliishtua dunia. Swali lao lina mantiki: Je, kwa sharti la stashahada, Amin angepata ithibati?

Mfano huo, hata hivyo, unathibitisha kitu kingine. Amin alifundishwa na safari, na watu aliokutana nao, na makosa aliyoyarekebisha kazini. Baada ya kifo chake katika ajali ya ndege iliyotekwa karibu na Komoro mwaka 1996, taasisi yenye jina lake ilianzisha mafunzo kwa vijana jijini Nairobi. Chuo kinaweza kutoa malezi ya aina hiyo, mradi kikubali kuyatoa nje ya kuta zake.

Sababu ya pili ya kutaka malezi hayo ni uaminifu. Agosti 2006, shirika la Reuters liligundua kuwa mpigapicha Adnan Hajj alikuwa ameongeza moshi kwa kompyuta katika picha ya Beirut. Liliachana naye na kuondoa picha zake zote 920 zilizokuwa zikiuzwa. Wakati huo udanganyifu ulihitaji ujuzi wa Photoshop. Leo akili mnemba humtengenezea yeyote picha ya mkulima wa Iyula ambaye hajawahi kuzaliwa. Kinga ya msomaji ni picha yenye jina la mpigapicha, jina la mpigwaji, kijiji na tarehe.

Sababu ya tatu ni usalama. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo mkoani Iringa, kando ya barabara kuu ileile inayoelekea Tunduma, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa akiwa kazini katika tukio lililohusisha polisi. Wananchi waliona kilichotokea kabla ya kifo chake kwa sababu wenzake walikuwa na kamera na waliendelea kupiga. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Ni vigumu kueleza kwa nini, baada ya Nyololo, bado mwanafunzi aweze kuhitimu bila kufundishwa mahali pa kusimama, wakati wa kuondoka na namna ya kuilinda picha yake.

Kwa hiyo, kama Bodi ya Ithibati na wasimamizi wa elimu ya ufundi wanataka stashahada iwe na maana, waitazame ratiba ya mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa upigaji picha apelekwe walau msimu mmoja katika kata kama Iyula, aishi na watu, arudi na mfululizo wa picha 10 zenye majina na maelezo yaliyothibitishwa, na ridhaa ya waliopigwa. Kisha picha hizo zirudishwe kijijini na kubandikwa ukutani kwenye ofisi ya kata, wenyewe wazione na waseme kama ndivyo walivyo.

Gharama yake ni nauli, posho na uvumilivu wa wahariri. Ni ndogo ikilinganishwa na gharama inayolipwa sasa, ya taifa la wakulima ambalo magazeti yake yanawaonyesha wakulima pale tu wanapompigia mtu mwingine makofi.