Shaba inatoka, unga unaingia: sababu gani umaskini hauishi Lubumbashi?

Kila siku makamyo ya shaba yanashuka barabara ya Kasumbalesa kwenda mupakani. Kwa barabara ileile, makamyo ya unga na mahindi yanapanda kutoka Zambia kuja kwetu. Mwenye kutaka kujua sababu gani umaskini hauishi katika muji wetu aanzie hapo.

Kongo ni inchi ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chili. Mwaka wa 2024 ilitoa tani zaidi ya milioni 3. Kwa kobalti, sisi ni wa kwanza. Lakini mwaka uleule Banki ya Dunia ilihesabu kwamba Wakongomani 73.5 kwa mia walikuwa wanaishi na chini ya dola 2.15 kwa siku.

Ukiuliza watu, hapa Makomeno ao katika kartier zingine, wengi watajibu: wakubwa njo wanakula. Rushwa iko, hakuna wa kukataa. Lakini jibu hilo peke yake halielezi sababu gani hata baba mwenye kazi, mwenye kulipwa kila mwezi, anashindwa kufika tarehe 30. Turudi nyuma kidogo.

Wakati kazi ilikuwa baba na mama

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilichagua kutunza wafanyakazi wake kwa muda murefu, pamoja na bibi na watoto. Mufanyakazi alipata nyumba katika kambi, posho ya unga, hospitali, na masomo ya watoto. Gécamines, iliyochukua nafasi yake kisha serkali kutaifisha mali hiyo mwaka wa 1967, iliendelea vilevile. Wazee wetu walisema kampuni njo baba, njo mama.

Tuelewe vizuri: mushahara wenyewe haukuwa mukubwa sana. Kitu kilichobeba jamaa ni vile vilivyokuja pamoja na mushahara. Baba hakuwa anahesabu beyi ya gunia la unga, wala dawa, wala minerval.

Kisha mambo yakaanguka. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mine ya Kamoto, kule Kolwezi, ikabomoka. Mwaka wa 1991 kukawa uporaji, na kisha fujo na kufukuzwa kwa ndugu zetu wa Kasai. Mwaka wa 1994 kampuni ilitoa tani karibu 30,000 tu. Wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka wa 2003, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka katika mpango ulioitwa «départs volontaires», ndiyo kusema kuondoka kwa hiari. Wengi kati yao waliendelea kulalamika kwamba hesabu yao haikufanywa sawa.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo kikuu cha Lubumbashi aliandika juu ya jamaa hizo kitabu kilichotoka mwaka wa 2001. Jina lake linasema yote: *Bana Shaba abandonnés par leur père*, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Katika miaka ile, wamama njo walishika nyumba: kuuza unga, samaki, mikate, kucheza likelemba. Mpaka leo, katika nyumba nyingi, biashara ndogo ya mama inalisha watu kuliko kazi ya baba.

Shaba imerudi, posho haikurudi

Leo tunatoa shaba mara sita kuliko Gécamines ya 1986. Sababu gani basi hatuoni tofauti?

Kwanza, mine za leo zinatumia mashini kubwa. Tani zimeongezeka, mikono ya watu haikuongezeka namna hiyo. Pili, wafanyakazi wengi hawaajiriwi na kampuni yenye mine, ila na kampuni ya sous-traitance, kwa kontra ya miezi. Mwaka wa 2021 shirika RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi walichunguza mine kubwa tano za kobalti na shaba. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa kwa sous-traitance. Mutu wa namna hiyo ana kazi, lakini hana nguvu ya kupanga mwaka.

Tatu ni chakula. Bukari yetu inategemea Zambia. Mwezi wa Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa balaa ya taifa. Zambia ikikosa mvua ao ikifunga mupaka, beyi inapanda ku soko zetu zote. Mushahara unabaki palepale.

Maskini analipa zaidi

Hapo njo umaskini unaanza kujizaa wenyewe. Mwenye feza ananunua mufuko wa unga wa kilo 25. Asiye nazo ananunua kwa meka, kila siku. Ukihesabu mwisho wa mwezi, kilo ya meka imepita beyi ya kilo ya mufuko. Makala ni vilevile: kifuko kidogo kidogo kinapita gunia. Umeme ukikatika, makala yanakuwa lazima, na pori za miombo zinazidi kurudi mbali na muji.

Mama akiugua, jamaa inaanza na vidonge vya farmasi, kisha inafika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuwa mukubwa na mufaktura ni muzito. Masomo ya primeri ni ya bure katika shule za serkali tangu 2019. Lakini kule segonderi feza zinaombwa, na mutoto anarudishwa nyumbani. Akikaa nyumbani muda murefu, barabara inamuchukua: kuuza maji, ao kwenda kuchimba. Yeye pia atakuwa baba wa kununua unga kwa meka.

Tuulize nini?

Wakati wa gavana Moïse Katumbi, makampuni ya mine yaliombwa kila moja kulima hektari 500 za mahindi. Kisha, mahindi ya Service national yakaletwa toka Kaniama-Kasese, katika Haut-Lomami, kusaidia muji. Yote mawili yalionyesha kwamba udongo wetu unazaa. Lakini kila mwaka wa njaa tunarudi palepale, Kasumbalesa. Chakula cha muji mukubwa namna hii hakiwezi kutegemea amri ya gavana mumoja ao treni ya musaada.

Feza za kupanga kazi hiyo ziko katika sheria. Kode ya mine ya 2018 inasema: kwa ushuru wa mine (redevance), 50 kwa mia ni ya serkali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya komini, sekta ao shefferi ambamo mine iko, na 10 ya vizazi vijavyo. Kama hakuna mine katika komini yako, ile 15 haikuhusu. Lakini ile 25 ya jimbo ni ya kila mukaaji wa Haut-Katanga, hata wa Makomeno.

Kwa hiyo, wakati bajeti ya jimbo inafika mbele ya wabunge wetu, tusiulize tu nani amekula. Tuulize: katika ile 25 kwa mia, ngapi inakwenda kwa mbegu, kwa mbolea, na kwa barabara za kuleta mahindi toka vijiji vyetu? Tuulize mbele ya mwezi wa Novemba, sababu mvua ikianza bila mbegu, mwaka umekwenda.