Mshahara wa Jana, Uamuzi wa Leo

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Wapo viongozi, hata hivyo, wanaotaka umma usadiki kwamba mkono uliojaa hulambwa pasi na ulimi kuonja ladha yake.

Dick Cheney aliiongoza kampuni ya Halliburton ya Marekani kuanzia 1995 hadi 2000, kisha akaapishwa kuwa Makamu wa Rais Januari 2001. Mnamo Machi 2003 jeshi la nchi hiyo liliipa KBR, kampuni tanzu ya Halliburton, kandarasi ya kukarabati visima vya mafuta vya Iraki bila zabuni ya ushindani. Septemba mwaka uo huo Cheney alitamka katika runinga kuwa hakuwa na maslahi yoyote ya kifedha katika kampuni hiyo. Ilhali angali akipokea malimbikizo ya mshahara wake wa zamani, zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka, na alikuwa na haki ya kununua hisa zaidi ya 400,000 kwa bei iliyokwisha kupangwa.

Haikuthibitishwa kuwa yeye ndiye aliyeamuru kandarasi hiyo. Watetezi wake nao walikuwa na hoja zisizo haba: mshahara ulikatiwa bima, hivyo angelipwa hata kampuni ifilisike, na faida ya hisa ilikuwa imeahidiwa kutolewa sadaka. Lakini hisa zikipanda, sadaka hunenepa, na sifa za mtoaji vilevile. Wataalamu wa utafiti wa Bunge la Marekani walieleza mwezi huo kuwa malipo na haki za aina hiyo ni mafungamano na mwajiri wa zamani. Ajabu ni kwamba sheria ya jinai ya huko kuhusu mgongano wa maslahi haimgusi Rais wala Makamu wake!

Katiba ya Kenya ya 2010 haikuacha mwanya huo. Kifungu cha 75 kinamtaka kila afisa wa serikali, Rais akiwemo, aepuke mgongano baina ya maslahi yake na wajibu wa umma, na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ilitiwa sahihi Julai 2025. Hata hivyo, neno ‘maslahi’ halina budi kufafanuliwa kwa upana, lijumuishe pia malipo yajayo na fadhila zisizoandikwa. Anayeteuliwa waziri kutoka benki au kampuni ya sukari hufika mbele ya Bunge la Taifa kuidhinishwa. Papo hapo aulizwe: mwajiri wako wa jana angali anakudai nini, nawe unamdai nini?