"Uncle" si Mjomba Peke Yake

Katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tumeketi nyuma ya darasa tukasikia somo la Kiingereza juu ya jamaa likianza hivi: "uncle" ni mjomba, "aunt" ni shangazi. Watoto huitikia kwa sauti moja. Kisha mmoja huuliza, "Na baba mdogo je?" Mwalimu hubabaika, au humwambia akae chini. Sisi twaona kwamba mtoto huyo ndiye aliyelifikiria somo.

Yafaa mwalimu aijue asili ya maneno haya. Kiingereza na Kijerumani ni lugha za ukoo mmoja, Kigermaniki, na maneno ya watu wa karibu yangali yakifanana: "mother" na "Mutter", "brother" na "Bruder". Hapo kale lugha hizo zilipambanua jamaa kama tufanyavyo sisi. Mwingereza wa kale alimwita mjomba wake "eam", na ndugu wa kiume wa baba yake alikuwa na jina jingine. Kwa Wajerumani mjomba alikuwa "Oheim", na baba mdogo au baba mkubwa "Vetter", neno ambalo leo lina maana ya binamu.

Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa. Kutoka huko yakaja "uncle", "aunt" na "cousin", na yale ya kale yakafifia. Tena Kilatini, kilicho asili ya Kifaransa, kilikuwa na "avunculus", mzazi wa neno "uncle", kwa maana ya mjomba tu. Mwalimu wetu angalisema kweli mbele ya Warumi; mbele ya watoto wetu anakosea.

Basi tusidhani kwamba uchache wa maneno hayo ni dalili ya maendeleo, wala wingi wa yetu si mzigo. Chora ukoo ubaoni. Watoto wawataje jamaa zao kwa Kiswahili: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba. Kisha wazungushie wote mstari mmoja, uandike "uncle". Fanya vivyo hivyo kwa shangazi, mama mkubwa na mama mdogo. Hivyo mtoto atajifunza neno geni bila kupoteza lake. Siku hizi "anko" na "anti" yamejaa vinywani mwa watoto. Mwalimu asiwe wa kwanza kuwasahaulisha ni nani hasa wanayemwita.